Funksheni za maktaba: ziandikwe kwa Python au kwa C?

Fungua faili la heapq.py lililokuja na Python yako (ni moduli inayotunza orodha ili kitu kidogo kuliko vyote kikae mbele daima), utafute funksheni ya heappush. Ukiacha maelezo yake, ni mistari miwili: wa kwanza unaongeza kitu mwishoni mwa orodha, wa pili unakipandisha hadi mahali pake. Mwanafunzi wa miezi michache anaisoma na kuielewa. Lakini ukiiita funksheni hiyo kwenye programu yako, kwa kawaida mistari hiyo miwili haiguswi kabisa, kwa sababu karibu na mwisho wa faili kuna hii:

```
try:
    from _heapq import *
except ImportError:
    pass
```

Ikiwa moduli ya _heapq, ambayo imeandikwa kwa C, ipo, majina yake yanachukua nafasi ya yale ya Python. Isipokuwepo, toleo la Python linabaki kazini. Jina moja, miili miwili.

Kila anayetengeneza maktaba ya kutumiwa na wengine hufika hapo: funksheni hii niiandike kwa lugha ileile ya mtumiaji, au niishushe kwenye C karibu na mashine? Nalinganisha njia hizo mbili nikiegemea Python, kwa kuwa msimbo wake wote uko wazi kusomwa na historia yake imejaa funksheni zilizohama kwenda C na nyingine zilizorudi. Ruby na JavaScript zitaingia pale zinapopinga mazoea ya Python. Msimamo wangu ni huu: andika kwanza kwa lugha ya juu, yaani ile ya mtumiaji, shusha kiini tu baada ya kupima, na lile toleo la juu usilifute hata baada ya kulishusha.

Kasi, na inakotoka

Anayetaka C huanza na kasi, na ushahidi anao. Python 3.0 ilipotoka Desemba 2008, maktaba yake mpya ya kusoma na kuandika mafaili, io, ilikuwa imeandikwa sehemu kubwa kwa Python. Mara moja ikawa kikwazo. Katika toleo la 3.1, mwaka uliofuata, iliandikwa upya yote kwa C, na maelezo rasmi ya toleo hilo yanasema kasi iliongezeka mara 2 hadi 20 kutegemea kazi yenyewe. Moduli ya decimal, ambayo watu huitumia kwa hesabu za fedha, iliwekewa maktaba ya C ya libmpdec katika toleo la 3.3 mwaka 2012: mara 10 kwa programu za hifadhidata, hadi mara 100 kwa hesabu nzito. OrderedDict, kamusi inayokumbuka mpangilio wa vitu vyake, ilihamia C katika toleo la 3.5 mwaka 2015, ikapata ongezeko la mara 4 hadi 100.

Tazama kinachozifanya zifanane. Zote tatu ni kazi zenye hatua ndogondogo nyingi mno ndani ya wito mmoja. Python inapojumlisha namba mbili, intapreta (programu inayoendesha msimbo wa Python) husoma agizo la baitikodi (msimbo wa kati uliotafsiriwa kutoka Python), hukagua aina za vitu vyote viwili, huchagua njia ya kuvijumlisha, kisha mara nyingi hutenga nafasi kwenye kumbukumbu kwa ajili ya jibu. Kwenye C, kujumlisha namba mbili za mashine ni agizo moja la prosesa. Rudia tofauti hiyo kwa kila tarakimu ya hesabu ndefu ya decimal, na zile mara 100 zinaeleweka.

Faida hiyo huyeyuka pale funksheni ya C inapolazimika kurudi Python katika kila hatua. Funksheni ya sorted ni ya C, lakini ukiipa lambda (funksheni fupi isiyo na jina) kama ufunguo wa kupangia, lambda hiyo huitwa kwa kila kipengele, na sehemu kubwa ya muda inaweza kuishia humo. Vivyo hivyo heapq ikipewa objekti ambazo ulinganishaji wake, yaani njia ya `__lt__`, umeandikwa kwa Python: kila ulinganisho unatoka C, unaingia Python, unarudi. Ni kama kuvuka mpaka wa Namanga, ambako safari yenyewe inaweza kuwa fupi na foleni ya mihuri ndiyo ikala muda. Kabla ya kushusha funksheni yoyote, basi, hesabu ni mara ngapi itavuka. Ikivuka mara moja, ikafanya kazi kubwa ndani na kurudi na jibu, C itakulipa vizuri. Ikivuka kwa kila kipengele, malipo ni madogo, na katika baadhi ya lugha utapata hasara.

Hasara hiyo ndiyo iliyoonekana kwenye Ruby. Kwa miaka mingi njia ya each ya orodha ilikuwa ya C, kama ilivyo desturi. Katika Ruby 3.4, iliyotoka Desemba 2024, iliandikwa upya kwa Ruby, tena kwa sababu ya kasi. Njia za map na select nazo zilifuata pale YJIT inapotumika. YJIT ni kompaila inayogeuza msimbo wa Ruby kuwa wa mashine wakati programu inaendelea. Inapokuta each ya C, inagonga ukuta: haioni kilichomo ndani, na kila mara bloku ya mtumiaji, yaani kipande cha msimbo anachokipa each, inapoitwa kuna gharama ya kutoka C kuingia Ruby. Kitanzi kikiwa cha Ruby, kompaila inakiona pamoja na bloku, na inaweza kuvishughulikia kama msimbo wa aina moja. Lugha iliyokuwa na sifa ya kwenda polepole ikaishinda C katika kazi ambayo wengi wangeikabidhi C bila kuuliza.

PyPy, toleo jingine la Python, inafundisha jambo hilohilo upande wa Python. Kompaila yake ya papo kwa papo huona ndani ya msimbo wa Python, kwa hiyo moduli zilizoandikwa kwa Python tupu huenda vizuri sana humo, wakati viendelezi vya C (moduli za nyongeza zilizoandikwa kwa C) hulazimika kupita kwenye tabaka la upatanisho, cpyext, lenye gharama kubwa. CPython, ile Python ya kawaida unayopakua, bado si hivyo: kompaila yake ya papo kwa papo iliingia kwa majaribio katika toleo la 3.13, na haiwashwi yenyewe. Kwa anayelenga CPython, vitanzi vizito bado ni eneo la C.

JavaScript ilikwenda kinyume na Ruby, na kwa sababu nzuri. Injini ya V8 ya Chrome ilikuwa na funksheni nyingi za ndani zilizoandikwa kwa JavaScript yenyewe. Hadi 2018, Array.prototype.sort ilikuwa mojawapo: orodha fupi zilipangwa kwa njia ya kuchomeka, ndefu kwa quicksort. Funksheni ya namna hiyo huipunguzia programu kasi mwanzoni, maana inahitaji kuitwa mara kadhaa kabla injini haijaiboresha, na takwimu za aina za data ambazo injini hukusanya kuihusu huchanganywa na waitaji wote wa ukurasa. Watengenezaji wa V8 hawakukimbilia C++, kwa sababu kuvuka kutoka JavaScript kwenda C++ kuna gharama yake. Walitunga lugha ya katikati, Torque, inayofanana na TypeScript lakini hugeuzwa mapema kuwa msimbo wa mashine. Kwenye Chrome 70 sort ikahamia huko, na ikapata algorithimu ya Timsort, ambayo haivurugi mpangilio wa vitu vinavyolingana. Si kila timu ina uwezo wa kutunga lugha kwa ajili ya maktaba yake, lakini jambo lile lile linaonekana: waliokwepa C++ waliikwepa kwa sababu ya mpaka.

Usahihi

Hapa lugha ya juu inashinda waziwazi, na ningependa watu walizungumzie hili kwa sauti ileile wanayotumia kwa kasi.

Chukua utafutaji kwa kugawa nusu, bisect. Toleo la Python linatafuta katikati kwa kujumlisha mwanzo na mwisho kisha kugawa kwa 2. Ni sahihi daima, kwa sababu namba kamili za Python hukua kadiri zinavyohitaji. Andika mstari huohuo kwa C na una hitilafu: jumla ya namba mbili kubwa inaweza kufurika na kugeuka hasi. Msimbo wa C wa moduli ya bisect umebeba maelezo yanayosema kwamba jumla hiyo inageuzwa kuwa aina isiyo na alama ya hasi ili kukwepa kufurika, na yanataja ripoti namba 13496. Huhitaji orodha kubwa kuliko kumbukumbu ya kompyuta yako ili uione hitilafu hiyo. Range, yaani mfululizo wa namba usiohifadhiwa wote kwenye kumbukumbu, yenye urefu unaokaribia kikomo cha mashine inatosha. Java nayo ilipitia hapo: mwaka 2006 Joshua Bloch, aliyeandika utafutaji wa nusu wa maktaba ya Java, alieleza hadharani kwamba kosa hilohilo lilikuwa limelala kwenye msimbo wake kwa takribani miaka 9. Mistari hiyo ilisomwa na watu wengi stadi, lakini namba zenye ukubwa uliowekewa kikomo zililificha kosa.

Hatari ya pili ni ya C hasa. Ndani ya _heapq, kila ulinganisho unaweza kuita msimbo wa mtumiaji, na msimbo huo unaweza kufanya chochote, hata kuifuta orodha inayopangwa. Katika toleo la Python matokeo mabaya kuliko yote ni kosa la kawaida la kuvuka mwisho wa orodha. Katika C, bila ulinzi, funksheni ingesoma kumbukumbu iliyokwisha kuachiwa na mchakato mzima ungeanguka. Ndiyo maana msimbo wa C unashikilia vitu viwili vinavyolinganishwa visiachiwe kabla ya wakati, na baada ya kila ulinganisho unakagua kama ukubwa wa orodha umebadilika, na ukibadilika unatoa kosa. Hakuna hata mstari mmoja wa ulinzi huo kwenye toleo la Python, kwa sababu lugha yenyewe inaubeba. Ukiandika kwa C, kazi hiyo ni yako, kwa kila funksheni, kwa kila njia ya kutoka, na hesabu ya marejeo ya kila objekti (idadi ya sehemu zinazoitumia) juu yake: usipopunguza, kumbukumbu inavuja, ukipunguza mara mbili, programu inaanguka siku usiyoitarajia.

Tabia mbili chini ya jina moja

Toleo la Python la heappush linakubali chochote chenye append, urefu na uwezo wa kufikiwa kwa namba. Toleo la C linataka orodha halisi, na likipewa kitu kingine linakataa kwa TypeError. Tofauti hiyo angalau inapiga kelele. Iliyo mbaya zaidi ni ya kimya: tuseme umerithi klasi ya list na kubadilisha `__setitem__` ili ujue kila kitu kimehamia nafasi gani. Python itapitia njia yako. C itaandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya orodha, na njia yako haitaitwa kamwe. Majibu ni sahihi, rekodi zako za nafasi ni za uongo, na hakuna ujumbe wowote.

Kwa ajili ya matatizo ya namna hii Brett Cannon aliandika PEP 399, pendekezo rasmi la kuboresha Python, mwaka 2011. Kanuni zake ni fupi: moduli mpya ya maktaba ya msingi iwe na toleo la Python, isipokuwa kwa ruhusa maalumu, toleo la C lisitoe kwa umma kitu ambacho la Python halina, na majaribio yaleyale yaendeshwe juu ya matoleo yote mawili. Waliofaidika kwanza ni watengenezaji wa matoleo mengine ya Python, yaani PyPy, Jython na IronPython, ambao vinginevyo wangelazimika kuandika upya kila kitu cha C. Mimi naona faida kubwa zaidi iko kwingine: toleo la Python linageuka kuwa maelezo rasmi ya nini funksheni inapaswa kufanya, maelezo ambayo yanaweza kuendeshwa na kuulizwa.

Ambapo C haikwepeki

Zipo funksheni ambazo lugha ya juu haiwezi kuzitimiza hata ukiisamehe kwenda kwake polepole.

Foleni ya kawaida ya Python, queue.Queue, imeandikwa kwa Python na hutumia kufuli, ili uzi mmoja tu (mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu) uiguse kwa wakati mmoja. Sasa fikiria uzi umeshika kufuli hilo katikati ya put (kuweka kitu kwenye foleni), mkusanya taka, sehemu ya Python inayofuta vitu visivyotumika tena, anaingia, anaharibu objekti fulani, na `__del__` (njia inayoitwa objekti inapoharibiwa) ya objekti hiyo nayo inaita put kwenye foleni ileile. Uzi unajisubiri wenyewe milele. SimpleQueue, iliyoongezwa katika toleo la 3.7, ina put ya C inayoweza kukatizwa na put nyingine ya uzi uleule bila kukwama wala kuharibu foleni, na nyaraka zinasema hivyo waziwazi. Hapo C ilichaguliwa kwa usahihi.

Kulinganisha siri ni mfano mwingine: hmac.compare_digest imeandikwa kwa C ili muda wake usimwonyeshe mshambuliaji ni herufi ngapi za mwanzo amezipatia. Na hashlib, moduli ya kukokotoa muhtasari wa data (hash), data ikizidi baiti 2047, huachia kufuli kuu la intapreta (GIL, linaloruhusu uzi mmoja tu kuendesha Python kwa wakati mmoja) ili nyuzi nyingine ziendelee na kazi. Msimbo wa Python hauwezi kuliachia na bado ukaendelea kuendeshwa.

Kuna upande wa pili wa hilo. Hesabu ndefu iliyo ndani ya C tupu haisikii Ctrl-C mpaka irudi kwenye intapreta. Nyaraka za moduli ya signal zinaonya kuhusu hili na kutaja utafutaji wa regex (ruwaza za maandishi) kwenye maandishi marefu. Anayeandika funksheni ndefu ya C akumbuke kukagua ishara mwenyewe.

Anayesoma na anayesakinisha

Mwite inspect.getsource juu ya heapq.merge, utapata msimbo wake wote. Mwite juu ya heapq.heappush, utapata TypeError, kwa kuwa hakuna Python ya kuonyesha. Programu ikikosea ndani ya funksheni ya C, orodha ya mistari ya kosa inaishia mlangoni. Kwa kijana anayejifunza kwa kusoma maktaba, na wengi wetu tulijifunza hivyo, ukuta huo ni mkubwa. Mfumo wa import wenyewe ulivunja ukuta huu: katika toleo la 3.3 utaratibu wa kuingiza moduli, uliokuwa wa C, ulikabidhiwa importlib iliyoandikwa kwa Python na kugandishwa ndani ya intapreta kama baitikodi. Kasi yake ilihitaji uangalizi, lakini leo mtu anaweza kusoma jinsi import inavyofanya kazi bila kujua C hata kidogo.

Usakinishaji nao una bei. Maktaba ya Python tupu ni kifurushi kimoja kinachokwenda popote: Linux, Windows, simu yenye Termux, hata ndani ya kivinjari kupitia Pyodide. Yenye C inahitaji kifurushi kwa kila mfumo na kila aina ya prosesa, na kama chako hakipo, unahitaji kompaila na subira, tena juu ya bando la intaneti. Tangu toleo la 3.13 kuna jambo jipya: Python isiyo na kufuli kuu. Humo kiendelezi cha C kisichotamka kwamba kiko tayari hulirudisha kufuli hilo kwa mchakato mzima. Msimbo wa Python hauhitaji tamko lolote.

Kuchagua

Kama funksheni yako hugusa mafaili, mtandao au hifadhidata, andika kwa Python na usifikirie zaidi. Muda wake uko nje. Kama huita msimbo wa mtumiaji kwa kila kipengele, andika kwa Python. Kama inasaga baiti au namba nyingi ndani ya wito mmoja, na umepima ukaona ndiko muda unakokwenda, shusha. Kama inahitaji kutokukatizwa, muda usiovuja siri, au kuachia kufuli, shusha bila kusubiri kipimo.

Na unaposhusha, shusha kidogo. Moduli ya random ni kielelezo kizuri: injini ya Mersenne Twister, inayozalisha namba za bahati nasibu, iko C, ilhali shuffle, choice na usambazaji wa gauss ziko Python, zinasomeka, zinarekebishika. Katika Python 2.7, nlargest na nsmallest za heapq zilikuwa na matoleo ya C. Katika Python ya sasa zimerudi Python, na hatua zao za ndani, kama heapreplace, ndizo za C. Algorithimu bora yenye ulinganisho mchache ilitosha. Kuhusu lugha ya kushushia, leo si lazima iwe C tupu. Cython inakuruhusu kuongeza aina kwenye msimbo unaofanana na Python. Rust inakuondolea sehemu kubwa ya makosa ya kumbukumbu niliyoyataja, ila inadai kompaila yake: kifurushi cha cryptography kilipoingiza Rust katika toleo la 3.4, Februari 2021, waliokisakinisha kwenye mifumo isiyo na vifurushi tayari walijikuta wanaihitaji Rust ghafla.

Unaweza kupima matoleo yote mawili leo hii bila kuandika chochote kipya. Anza intapreta mpya, na kabla ya kitu kingine chochote:

```
import sys
sys.modules['_heapq'] = None
import heapq
```

Sasa heapq uliyonayo ni ya Python tupu. Kwa decimal ingiza _pydecimal, kwa io ingiza _pyio, na kuanzia toleo la 3.12 kwa datetime ingiza _pydatetime. Endesha timeit, kipima muda cha Python, juu ya kila moja. Jaribu heapq mara mbili, kwanza kwa orodha ya namba kamili, kisha kwa orodha ya objekti zenye `__lt__` uliyoiandika mwenyewe kwa Python, uangalie pengo kati ya C na Python linavyopungua kwenye jaribio la pili.